Ngozi ya Baiskeli

Jumatatu, 3 Machi. Kakuma

Kitabu hiki alininunulia dada yangu pale Lodwar. Alisema nyumbani nimeshagombana na kila mtu, na huku Kakuma nitawamaliza wageni, kwa hiyo heri hasira zangu niziandike kuliko kuzisema. Haya basi, naandika.

Leo nimegombana na Hani, na ndiyo kwanza siku yangu ya kwanza kazini. Hani ndiye mkuu wa mradi wa baiskeli za umma. Ni Msomali aliyekulia hapa hapa, kwenye kambi ya wakimbizi, akaenda Nairobi kusomea uhandisi, akarudi. Baiskeli ziko sitini na vituo ni vinne: changu kiko karibu na soko la Kakuma mjini, kingine hospitalini, kingine Kakuma Four, na cha mwisho Kalobeyei. Mtu anajiandikisha, anatoa shilingi kumi, anachukua baiskeli kituo chochote na kuiacha kituo chochote. Nikamwambia Hani waziwazi kwamba watu wangu watazichukua na hazitaonekana tena.

"Watu wako akina nani?" akaniuliza.

"Waturkana."

Akacheka. "Na wewe unawajua?"

Mimi! Christine binti Aregae, mzaliwa wa Lodwar, niulizwe na Msomali kama nawajua Waturkana. Jibu zito lilinijia jioni, yeye ameshaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Sikugombana na mtu, wote tumechoka.

Jumatatu, 10 Machi

Naanza kumwelewa huyu mwanamke, ingawa sijamwambia.

Wafadhili walitaka kumletea baiskeli za kisasa, zile za kufunguliwa kwa simu, zenye kufuli za umeme na nguzo maalumu za kuegeshea. Akazikataa. Aliwaambia vumbi litaingia kwenye kufuli, jua litamaliza betri, na bei ya nguzo chache inanunua baiskeli nyingi. Akakaa akachora ya kwake. Haina bomba la juu, ili mama aliyevaa dera au shuka apande bila kujifunua. Keria yake inabeba mitungi miwili ya maji. Gia ni moja tu. Lakini kilichonishika zaidi ni nati: baiskeli nzima ina nati za saizi moja, mbele hadi nyuma, kwa hiyo spana moja inaifungua yote. Nilikaa chini nikazungusha ile spana kwenye kila nati kama mtoto aliyepewa kitu kipya.

"Mimi nimetengeneza baiskeli tangu Kongo," akaniambia Onésphore, fundi wetu. "Iyi, dada, mutu aliifikiria."

Hani akaniambia kwamba kununua baiskeli si kazi, kazi ni kuiweka barabarani. Mwiba wa mti wa mathenge unatoboa tairi, mchanga unakula cheni, mashimo yanakata spoku. Walijaribu tairi ngumu zisizojazwa upepo. Pancha zikaisha lakini akina mama hawakuweza kuzisukuma mchangani, basi wakarudi kwenye tyubu. "Mwaka mmoja tu, matengenezo yanapita bei ya kununua," alisema. "Watu wanafikiri mradi kama huu unauliwa na wezi. Unauliwa na pancha, abaayo." Abaayo ni dada kwa lugha yao.

Mwezi wa sita atakuja mkaguzi wa wafadhili. Akikuta zaidi ya baiskeli moja katika kila kumi imepotea bila maelezo, zote zitapakiwa kwenye lori zipelekwe mji mwingine. Hani aliyasema hayo akifuta grisi mikononi, hakunitazama. Baadaye Onésphore akanisimulia kwamba mamake Hani alikuwa akimbeba mwanawe mdogo mgonjwa, kwa miguu, kutoka mwisho kabisa wa kambi hadi hospitali, na kuna siku alifika amechelewa.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimekasirika na nina haki.

Amekuja mzee mmoja wa ng'ambo ya mto Tarach, jina lake Ekwam. Ana shuka, fimbo, kigoda chake, na kile kisu cha mviringo wanachovaa mkononi kama bangili. Tukaamkiana vizuri, ejok, ejok-noi, nikampa namba thelathini na moja. Badala ya kuondoka akaanza maswali.

"Baba yako nani?"

"Mwalimu Aregae, wa Lodwar."

"Ya ukoo gani?"

Nikamtajia, nikitumaini ataniacha nihudumie wengine. Akaitikia kwa kichwa, akaiegemeza baiskeli ukutani, akavua kisu na kukata tandiko! Pembeni kabisa, mikato miwili mifupi na mmoja wa kulala, kama vile wanavyokata masikio ya mbuzi. Tandiko jipya, halijakaliwa hata mara mbili. Nilipiga kelele soko zima likageuka.

"Mzee, hii si mbuzi yako! Ni mali ya umma!"

"Najua si yangu," akasema, ametulia kabisa. "Ndio maana."

Ndio maana nini? Nikamtoza faini ya tandiko. Alilipa bila kunung'unika, jambo lililoniudhi hata zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Kumezuka jambo la ajabu. Vituo vingine havipati baiskeli zangu. Nikimpa mtu baiskeli asubuhi akaenda nayo hospitalini, jioni hairudishi kwa Kuot anayeshika kituo cha hospitali, bali anaiendesha hadi hapa na kusubiri foleni mpaka aikabidhi mkononi mwangu. Nimewaeleza mpaka sauti imekauka: acha popote! Wanaitikia kwa heshima, kesho yake wanarudi kwangu. Mama mmoja anayeuza makaa amepita vituo viwili ili anitafute mimi. Nikamwambia amejichosha bure. Akasema, "Nani alinipatia? Si ni wewe?"

Hani aliposikia akaanza kutafuna kalamu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Hani katuletea sambusa ofisini, nyingi mno. Nimekula nane na sijutii.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ya kwanza. Harufu ya ardhi ilitutoa wote nje, hata Onésphore aliyekuwa chini ya baiskeli. Baada ya nusu saa ikawa tope, na baada ya tope kazi: cheni zote zimejaa udongo. Hani alikunja mikono ya nguo yake akaosha cheni pamoja nasi hadi magharibi. Wakuu wengine niliowahi kuwafanyia kazi wangetuma ujumbe wa kututia moyo.

Ijumaa, 18 Aprili. Lodwar

Ijumaa Kuu. Nimekuja nyumbani kwa Pasaka, Kuot anakaa kituoni kwangu hadi Jumanne. Baba ameuliza kazi ikoje. Nilimsimulia habari za mzee aliyekata tandiko, akatabasamu. Baba ni mwalimu mstaafu, hajawahi kufuga hata kuku. Misheni walimchukua akiwa mdogo na tangu hapo mifugo yake imekuwa vitabu.

Jumapili, 20 Aprili. Lodwar

Kristo amefufuka, baiskeli zimekufa. Kuot amepiga simu. Tangu nilipoondoka, baiskeli zote zilizotoka kituoni kwangu hazijarudi. Hata moja. Zilikuwa nje zaidi ya ishirini.

"Wanakuja," alisema, "wananiangalia, wanauliza Kristini wapi, halafu wanageuza wanaenda nayo."

Nilijua tu! Nilimwambia Hani siku ya kwanza. Chakula cha Pasaka kilinishinda, na nilikuwa nimekingoja Kwaresima nzima.

Jumanne, 22 Aprili. Kakuma

Niliingia Kakuma saa tano asubuhi nikiwa nimejiandaa kupigana. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilishuka na begi langu, nikatembea hadi kituoni, nikafungua dirisha. Hani alikuwa amekaa ndani peke yake, macho mekundu. Hakuwa amelala vizuri siku mbili hizo. Nikataka kumwambia "nilikuambia," lakini sura yake ikanizuia.

"Kaa tu hapo dirishani," akasema. "Wakuone."

"Nani anione?"

"Kaa tu, Christine. Tafadhali."

Nikakaa. Mwanamke mmoja wa duka la jirani akaniona, akamwita mwingine kwa sauti. Haikupita muda, nikamwona yule mama wa makaa anakuja anasukuma namba kumi na mbili. Nyuma yake kijana mwenye namba arobaini. Kisha wawili kwa pamoja. Kufikia saa saba walikuwa wamepanga foleni hadi kwa muuza viazi, kila mtu na baiskeli yake, wengine wameziosha. Mzee Ekwam alikuja na thelathini na moja amefunga usukani kitambaa ili jua lisiupasue. Wote walinipa mkono kwanza, wakauliza habari za Lodwar, wakauliza baba yangu anaendeleaje, ndipo wakaachia baiskeli.

Hakukuwa na hata moja iliyopungua.

Niliwauliza, nusu nalia nusu nacheka, kwa nini hawakumpa Kuot.

"Huyo hakunipatia," akasema Ekwam. "Mimi napewa na wewe. Narudisha kwa wewe. Nikipatia mtu mwingine, wewe ukiuliza, nitasema nini?"

Hani alikuwa amesimama nyuma yangu, akaanza kucheka, cheko la mtu aliyeshushiwa mzigo. Akasema hata kwao ni hivyo hivyo. Bibi yake alikuwa akiwaazima majirani wasio na kitu ngamia wa maziwa. Wanamkama, wanamlisha, wanamtibu, lakini ngamia ana mwenyewe, na hurudi kwa mkono uliomtoa. "Sisi tumewapa watu mnyama," alisema, "halafu tunawaambia wamwache barabarani akutane na mtu asiyemjua. Ni mimi nilikosea kuchora, si wao."

Nimeshawahi kuona watu wenye shahada wakikubali kosa, lakini mara nyingi ni kosa la mtu mwingine.

Jumatano, 23 Aprili

Hani amechora mradi upya kuanzia alfajiri. Kufikia mchana ukuta mzima wa ofisi ulikuwa umejaa karatasi.

Tumeacha habari ya kituo chochote. Kila mtaa sasa una mtunzaji, mtu anayejulikana, anayepewa baiskeli mkono kwa mkono. Anakaa nayo nyumbani, anaazima majirani, anapokea zile kumi kumi na anabaki na sehemu yake. Anapewa pia spana moja, solusheni, na vipande vya tyubu, azibe pancha mwenyewe. Onésphore atabaki na magonjwa makubwa tu.

Watu waliotaka kuwa watunzaji walikuja wengi kuliko baiskeli. Namba thelathini na moja nimempa Ekwam, ahudumie ng'ambo ya Tarach. Niliitoa kwa mkono wangu huku nikiangalia lile tandiko lililokatwa, na nikamwonya asilikate tena. Akasema hakuna haja, limeshakatwa.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua kila siku. Na bado nina furaha, dada yangu asiposoma hapa.

Gharama zimeshuka. Tyubu tulizokuwa tunamaliza kwa wiki moja sasa zimekaa wiki mbili na bado zipo. Mjini boda boda, waliodhani tunawaibia abiria, wameacha kututukana, kwa sababu watu wa baiskeli ni wale ambao hata hivyo walikuwa wanatembea. Jana nilimwona mkunga mmoja wa Kakuma Four, Agot, Msudani Kusini mrefu kuliko mlango wetu, anapita katikati ya tope na mkoba wake kwenye keria. Zamani akiitwa usiku alitembea hadi asubuhi. Alinipungia mkono, baiskeli ikayumba, akacheka.

Kasoro ni moja, na aliigundua Onésphore. "Dada, batu banaficha baiskeli migonjwa. Banasema hawezi rudishia mwenyewe kitu kigonjwa, mpaka kipone." Kweli, nikapita nyumba mbili tatu nikakuta baiskeli zimelazwa kivulini zimefunikwa turubai, moja hata imewekewa maji karibu. Hani anasema maji hayo ni ya mbuzi. Mimi sina hakika.

Ijumaa, 9 Mei

Tarach imefurika.

Ilikuja mchana, na huku kwetu mvua ilikuwa ndogo tu. Ilinyesha milimani, kisha mto mkavu ukajaa kwa muda wa kunywa chai. Tulisikia mngurumo, watu wakaanza kukimbia na watoto. Mabanda ya kando ya mto yameenda. Sokoni maji yalifika magotini. Mimi na Hani tulisimama juu ya meza ofisini tukivuta spea za Onésphore kutoka chini, tyubu, cheni, makopo ya grisi, na sikumsikia Hani hata mara moja akiuliza habari za baiskeli. Alikuwa anapiga simu kwa watunzaji mmoja mmoja, na swali lake lilikuwa moja tu: "Watoto wako wote wako?"

Jumamosi, 10 Mei

Hakuna mtunzaji aliyekufa. Mungu ashukuriwe. Baiskeli kumi na moja hazipo. Zinazoruhusiwa ni sita.

Jumanne, 13 Mei

Leo mama wa makaa alikuja bila baiskeli. Alikuwa amebeba gurudumu la nyuma lililopinda, kibati chenye namba kumi na mbili, na kipande cha cheni. Akaviweka miguuni pangu.

"Imekufa," akasema. "Hii ngozi yake."

Nilitaka kumuuliza ngozi gani. Hani akanishika mkono. Alipiga magoti akapokea vile vyuma kwa mikono miwili, akampa pole, kana kwamba mama yule amefiwa. Mama alipoondoka, Hani akanieleza: mnyama wa kuazimwa akifa, aliyemtunza humletea mwenyewe ngozi, ili ajue amekufa kweli, hakuuzwa wala kuliwa. "Kwenu na kwetu," alisema. "Wewe mwalimu Aregae hakukufundisha?"

Hakunifundisha, na yeye pia hakufundishwa.

Onésphore ametoa spoku nzima kumi na saba kwenye ile ngozi, amezitia kwenye baiskeli nyingine.

Jumanne, 20 Mei

Wanaendelea kuja. Usukani na pedali. Fremu tupu iliyovunjika mara mbili, imefungwa kamba na kubebwa begani kutoka Kalobeyei. Watu ambao maji yaliwachukulia sufuria na magodoro wanarudi kuchimbua tope ili watuletee ngozi ya baiskeli ya shilingi kumi. Mimi niliyesema siku ya kwanza kwamba hazitaonekana tena, nazipokea moja moja. Nawapenda watu hawa. Nimeandika na silifuti.

Ngozi kumi zimefika. Imebaki namba thelathini na moja tu.

Jumatano, 28 Mei

Nilivuka kwenda kwa Ekwam. Boma halipo. Miiba ya ua imechukuliwa na maji, pamebaki mchanga na jiwe moja la jikoni. Majirani wanasema alihama na watu wake siku ile ile ya mafuriko, kaskazini, hawajui wapi.

Kila mtu ameleta chochote. Yeye, aliyekata tandiko tangu siku ya kwanza na kulitia alama yake, ameondoka hata hakupita kuaga. Nilirudi moja kwa moja hadi polisi nikaandikisha ripoti: mwizi wa baiskeli, jina, sura, na alama ya tandiko.

Hani alipojua alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Mtu amepoteza boma lake, wewe unamwita mwizi?"

"Basi iko wapi?"

"Sijui. Na wewe hujui. Hiyo ndiyo ungeandika."

Hatukusemezana hadi jioni.

Ijumaa, 6 Juni

Idi nyingine. Sambusa zilikuja, lakini Hani alimtuma Onésphore aniletee.

Jumatano, 11 Juni

Mkaguzi amefika kutoka Nairobi, na lori nyuma yake. Tupu.

Alhamisi, 12 Juni

Nataka kuandika yote leo leo.

Mkaguzi ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Asubuhi alisifu nati za saizi moja. Alisifu gharama za matengenezo, akasema hajaona mradi wenye gharama ndogo namna hii. Kisha akataka kuona baiskeli kumi na moja. Hani akamfungulia chumba cha ngozi. Tulikuwa tumezipanga ukutani, kila moja na kibati chake.

"Hivi ni vyuma chakavu," akasema. "Nitajuaje kwamba hawakuuza nzuri wakawaletea takataka?"

Hani alimweleza habari za ngamia wa bibi yake. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho. Halafu akatoa karatasi. "Mnaniambia watu hawa hawaibi. Lakini hii ripoti ya polisi ni yenu. Ninyi wenyewe mmemwita mtunzaji wenu mwizi. Kama mmoja ameiba, hawa kumi niwaamini vipi?"

Ripoti yangu. Nilitamani Tarach irudi inichukue. Hani hakunitazama, hakusema ni ya Christine. Alisema tu, "Ni yetu."

Mchana mkaguzi alitaka kuona Kalobeyei, nikaenda naye kwa gari. Nilijaribu kumweleza, nikasema vibaya, nikagombana naye mara mbili. Tukiwa njiani kurudi simu ikalia. Onésphore.

"Dada, kuya mbio. Kuko mzee hapa tangu mulipotoka. Yeko na mzigo. Madame Hani anamuomba, mimi namuomba, anakatala. Anasema atapatia wewe tu."

Alikuwa amekaa nje ya dirisha langu kwenye kigoda chake, miguu imepasuka kwa tope kavu. Ekwam. Amekonda. Aliponiona akasimama, akanipa mkono, ejok, akauliza habari za Lodwar, akauliza baba yangu anaendeleaje. Mkaguzi amesimama pale anangoja, na mimi najibu baba hajambo.

Ndipo akafungua shuka. Ndani kulikuwa na uma wa mbele uliopinda na tandiko. Kibati cha namba kilichukuliwa na maji. Lakini tandiko nililijua. Mikato miwili mifupi na mmoja wa kulala.

"Mto ilikula," akasema. "Nilipeleka watoto kwa ndugu yangu huko chini. Halafu mimi nafuata mto. Maji inapungua, mimi nachimba. Naenda, nachimba. Nilipata karibu na Lotikipi, kwa mchanga."

Mkaguzi aliniuliza Lotikipi ni wapi. Nikamwambia ni kule uwandani mto unakoishia, mbali, na hakuna gari linalofika. Aliitazama miguu ya mzee, kisha akalitazama tandiko, akauliza tunajuaje ni lenyewe. Nikamwonyesha mikato, nikasema mzee mwenyewe alilitia alama yake.

"Yangu?" Ekwam alinishangaa. "Mimi nitaweka alama yangu kwa kitu ya mtu? Hii ni ya baba yako. Si nilikuuliza ukoo? Hii ndio alama ya mbuzi yenu. Ili mtu akiipata popote ajue iko na mwenyewe."

Nilimtoza faini kwa kuandika jina la baba yangu, nami sikujua kulisoma. Nililia mbele ya mkaguzi, na sijali.

"Basi hii niandike imepotea?" mkaguzi akauliza taratibu.

"Hapana," nikasema. "Imekufa."

Akaandika. Kisha akaenda chumba cha ngozi peke yake, akakaa huko, na alipotoka akaandika vile vile mara kumi. Ile ripoti ya polisi akanirudishia mkononi, akaniambia niende nikaifute mwenyewe. Halafu alimfuata dereva wa lori. Nilisikia injini ikiwaka, nikaliona lori linageuka kuelekea njia ya Lodwar, tupu kama lilivyokuja. Hani aliketi chini pale pale vumbini na nguo zake safi, akafunika uso.

Ekwam alikuwa bado amesimama. Nikamuuliza kama anahitaji maji. Akasema amekunywa. Hakuondoka. Hani akainua kichwa, akaniambia kwa sauti ndogo, "Abaayo, aliyeleta ngozi haondoki mikono mitupu. Anapewa mwingine."

Nikaingia ndani nikatoa namba tano, ambayo ndiyo nzuri kuliko zote, na nikampa kwa mkono wangu. Mkaguzi akauliza anaichukua kwa muda gani, nami nikamfikishia mzee swali. Ekwam alinitazama, pengine akijiuliza nimemtoa wapi mtu huyu.

"Mpaka ife," akasema.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi nilipita polisi, nikaifuta ripoti.

Mvua zimekwisha. Nilipiga picha lile tandiko, nikamtumia baba. Hakujibu kwa maandishi, alipiga simu. Aliniuliza kwa Kiturkana, lugha ambayo hajawahi kunisemesha, nimeiona wapi alama hiyo.

Jioni Ekwam alikuja na namba tano. Tandiko lake bado lilikuwa zima. Alivua kisu mkononi, akanitazama, akangoja. Nikatoka nje nikamshikia baiskeli isitikisike.